Kaisari wa Leptis na fedha iliyochakachuliwa

Fundi aliyeigonga sarafu hii alikuwa na haraka. Picha haikukaa katikati. Imesogea upande mmoja, na herufi za mwisho za maandishi ya nyuma zimeishia nje ya ukingo. Ukingo wenyewe una nyufa mbili ndogo, jambo la kawaida kwa kipande cha madini kilichobamizwa kwa nyundo. Upana wake ni milimita 19, uzito gramu tatu na kitu. Ukiichanganya na chenji mfukoni unaweza kumpa konda bila kujua. Mzee mwenye ndevu aliyechongwa upande wa mbele ni Septimius Severus, Kaisari wa Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211, mzaliwa wa Leptis, Afrika ya kaskazini.

Niliinunua kwa muuza sarafu za kale huku kaskazini mwa Uingereza, kwa bei isiyofika ya raba nzuri. Watu hushtuka nikiwaambia hivyo. Wanadhani kitu cha miaka 1,800 lazima kiwe ndani ya kabati la vioo na mlinzi pembeni. Ukweli ni kwamba dinari, yaani sarafu za fedha za Roma kama hii, za Severus ni nyingi mno. Aligongesha kwa wingi kwa sababu alikuwa na askari wengi wa kulipa. Nilichosisitiza mimi ni historia ya umiliki wake, maana sikutaka kitu kilichochimbuliwa usiku na waporaji wa magofu huko Libya au Syria. Hii ilikuja na kikaratasi kilichofifia wino, cha mtu aliyeimiliki kabla sijazaliwa.

Nilipoituma picha kwenye kundi la familia, binamu yangu wa Morogoro hakuuliza bei wala umri. Aliuliza, "Kaka, huyu alikuwa mweusi au?" Kabla sijajibu, shangazi akamkata: "Si umeambiwa ni Mwafrika."

Hapo ndipo mjadala wa Severus unapoanzia kila mara, na mara nyingi ndipo unapokufa. Sarafu haisaidii, kwa sababu fedha haina rangi ya ngozi. Inaonyesha nywele za mawimbi, pua iliyonyooka, shingo nene na ndevu ndefu zilizogawanyika ncha. Ndevu zenyewe ni siasa. Mwaka 195 Severus alijitangaza kuwa mtoto wa Kaisari Marcus Aurelius, aliyekuwa amefariki miaka 15 nyuma na ambaye hakuwa na habari za mtoto huyo. Tangu hapo jina la ukoo ule likawa lake, na sura kwenye sarafu ikazidi kufanana na ya Marcus. Seneta mmoja, Auspex, alimwambia usoni, "Nakupongeza, Kaisari, kwa kumpata baba." Severus hakumuua kwa utani huo, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yake linastahili kutajwa.

Picha ya rangi ipo, nayo iko Berlin. Ni ubao wa mviringo uliochorwa Misri, wenye Severus na ndevu zake za mvi, mkewe Julia Domna aliyevaa lulu, na watoto wao wawili. Humo Severus ni maji ya kunde, tena iliyokolea. Kuna watu huishia kwenye ubao huo na kutangaza ushindi. Lakini wachoraji wa zama zile walikuwa na desturi ya kuwapaka wanaume rangi nzito kuliko wanawake, na ukoo wa Severus tunaufahamu kiasi: upande wa baba ni watu wa pwani ya Libya wenye asili ya Wafoinike, wale waliojenga Carthage, mji wa kale katika Tunisia ya leo, na upande wa mama wana asili ya Italia. Warumi wenyewe walimwona vipi? Kuna kisa katika wasifu wake wa kale, kitabu chenye uzushi mwingi ambacho hata hivyo hakichoshi kusoma. Kinasimulia kwamba karibu na Carlisle, kwenye ukuta wa kaskazini mwa Britania, Severus alikutana na askari mweusi, "Mwethiopia" kwa lugha yao, aliyeshika shada la majani ya mvinje, mti wa msiba. Kaisari alishtushwa na lile shada na rangi ya yule askari, akaamuru aondolewe mbele yake. Askari, aliyejulikana kwa mizaha, akamjibu, "Umekuwa kila kitu, umeshinda kila kitu. Sasa, ewe mshindi, kuwa mungu." Makaisari walifanywa miungu wakishakufa, kwa hiyo huo haukuwa utani mtamu.

Hata kama kisa ni cha kutunga, aliyekitunga hakumweka Severus na yule askari kwenye fungu moja la rangi. Na kwamba askari kutoka Afrika walikuwepo kwenye ukuta ule si uzushi: maandishi ya karne ya 3 kutoka Burgh by Sands, jirani na Carlisle, yanataja kikosi cha Wamauri wa Afrika ya kaskazini magharibi. Kwa hiyo jibu langu kwa binamu lilikuwa refu na halikumfurahisha. Mwafrika ndiyo, wa Leptis. Mweusi kama sisi, ushahidi hautufikishi huko. Shangazi aliacha kunijibu kabisa.

Mimi nadhani swali la kwao alikotoka lina utamu zaidi. Leptis Magna ilikuwa mji wa bandari, leo ni magofu mashariki ya Tripoli, na utajiri wake ulikuwa mafuta ya zeituni. Mafuta hayo yalikuwa mengi kiasi kwamba Julius Caesar aliwahi kuupiga mji faini ya ratili milioni 3 za mafuta kwa mwaka. Severus alizaliwa huko mwaka 145, katika familia yenye nafasi, akaenda Roma kutafuta vyeo. Wasifu ule unasema lafudhi ya Kiafrika haikumtoka ulimini mpaka uzeeni. Unasema pia kwamba dada yake alikuja kumtembelea akiwa ameshakuwa Kaisari, na Kilatini chake kilikuwa cha kubahatisha hata ndugu yake akaona haya. Akampa mtoto wa dada huyo cheo, akamjazia dada zawadi, akamrudisha nyumbani. Sisi tuliohamia ughaibuni tunamjua mtu wa namna hii. Wengine tumewahi kuwa yeye kwa dakika tano, shangazi akipiga simu ya video tukiwa kwenye basi.

Geuza sarafu sasa. Upande wa nyuma kuna mwanamke ameketi ubavu juu ya simba anayekimbia kuelekea kulia. Mkono mmoja ameshika radi, mwingine fimbo ya enzi. Nyuma ya simba kuna mwamba, na kutoka kwenye mwamba huo maji yanabubujika. Kwenye sarafu yangu maji ni mistari minne tu iliyochongwa kwa mkono mwepesi, lakini ukiishika ikapata mwanga wa pembeni, inaonekana inateremka kweli. Kuzunguka picha pameandikwa INDVLGENTIA AVGG IN CARTH, isipokuwa kwangu TH imeliwa. Maana yake ni ukarimu wa Makaisari kwa Carthage. Makaisari ni wawili, na ndiyo sababu ya zile G mbili: Severus na mwanawe mkubwa Caracalla, aliyekuwa bado kijana mdogo. Huyo mwanamke ni Caelestis, mungu wa kike wa Carthage, na asili yake ni Tanit, aliyeabudiwa hapo karne nyingi kabla Warumi hawajauteketeza mji huo.

Ukarimu gani? Maji yale humfanya mtu afikirie mfereji mkubwa ulioleta maji Carthage kutoka Zaghouan, zaidi ya kilomita 100, ambao nguzo zake bado zimesimama mashambani Tunisia. Wengine wanaona ni msamaha wa kodi, kwa kuwa Carthage na Leptis zilipewa haki sawa na miji ya Italia, ambayo ardhi yake haikutozwa. Sarafu hii ni ya miaka ya 203 na 204 hivi, mara tu baada ya Severus kwenda nyumbani Afrika, na kwa macho yangu maji hayo ni maji. Kodi ungeichora vipi?

Leptis ndiyo iliyofaidi zaidi. Ilipata uwanja mpya wa mji, jumba kubwa la mahakama, bandari iliyopanuliwa, barabara yenye nguzo pande zote mbili, na tao la ushindi kwenye njia panda. Marumaru ilivushwa bahari na mawe ya granite yakatolewa Misri. Habari hii haihitaji mfasiri kwetu: mtu akipata cheo, lami hufika kijijini kwao. Na kama ilivyo kwetu, anayetoka kijiji cha jirani huuliza fedha hizo zimetoka wapi.

Basi tuulize. Usiku wa kuamkia mwaka 193 Kaisari Commodus alinyongwa. Aliyefuata, Pertinax, alidumu chini ya miezi mitatu. Walinzi wa Kaisari walimuua tarehe 28 Machi, halafu wakafanya jambo ambalo Cassius Dio, seneta aliyekuwepo Roma siku hizo, aliliandika kwa aibu: waliuza kiti kwa mnada. Mnunuzi mmoja, Sulpicianus, alikuwa ndani ya kambi. Mwingine, Didius Julianus, alikuwa nje langoni. Wajumbe walipita kati yao wakiwaambia kila mmoja mwenzake kafika ngapi. Sulpicianus alipofika sesterce 20,000 kwa kila askari, Julianus aliruka na 5,000 nzima juu yake, akipiga kelele na kuonyesha kwa vidole. Akauziwa. Sesterce 25,000 ni dinari 6,250, na askari wa kawaida wa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, alikuwa akilipwa dinari 300 kwa mwaka.

Habari zilipofika Danube, Severus alikuwa gavana huko, makao yake Carnuntum, katika Austria ya leo. Askari wake walimtangaza Kaisari tarehe 9 Aprili. Alishuka Italia, na mwanzoni mwa Juni Julianus alikuwa ameshauawa, baada ya siku 66 za kiti alichokilipia. Wale walinzi wauzaji waliitwa nje ya mji bila silaha, wakazungukwa, wakavuliwa kazi. Wengi hushangilia sehemu hii ya hadithi. Mimi sishangilii sana, kwa sababu Severus hakulifuta soko, alilihamisha tu. Mwaka huohuo wa 193 alitoa dinari zenye bendera za vita upande wa nyuma na majina ya lejioni zilizomuunga mkono, moja baada ya nyingine. LEG XIIII, ile ya Carnuntum, inaongoza kwa wingi. Unampa askari mshahara, na mshahara wenyewe umeandikwa jina la kikosi chake.

Vita vya kuwania kiti viliendelea mpaka 197. Wapinzani wake walikuwa wawili: Pescennius Niger alishindwa mashariki, Clodius Albinus akashindwa karibu na Lyon, Ufaransa ya leo. Baada ya hapo Severus aliwaachia huru maseneta 35 walioshukiwa kuwa upande wa Albinus, akawaua 29, na mali za wapinzani zikawa zake. Kisha akawaongezea askari mshahara, mara ya kwanza tangu Kaisari Domitian, zaidi ya miaka 100 nyuma, na akawaruhusu waishi na wake zao. Fedha ya kuyafanya hayo yote haikuwepo. Kwa hiyo aliichakachua.

Nalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu kilichofanyika ni kilekile cha muuza dizeli anayeongeza mafuta ya taa kwenye tangi. Dinari ya kale ilikuwa karibu fedha tupu. Kaisari Nero, mwaka 64, aliishusha mpaka kiasi cha asilimia 80, waliofuata wakamegua kidogo kidogo, na Severus, ndani ya miaka miwili hivi ya mwanzo, akaifikisha karibu nusu. Nusu fedha, nusu shaba. Kwa kila ratili ya fedha iliyotoka mgodini au kwenye mali ya seneta aliyeuawa, karakana ya Roma sasa ilitoa sarafu nyingi zaidi kuliko zamani, na askari alihesabiwa idadi ileile aliyoahidiwa, au zaidi.

Ujanja ulikuwa kwenye ngozi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauna weupe wa fedha safi, na mtu wa sokoni angeona mara moja. Kwa hiyo kabla ya kugonga, vipande vilipashwa moto mpaka shaba iliyo juu ikafanya kutu, kisha vikatumbukizwa kwenye dawa ya uchachu iliyoila kutu hiyo. Shaba ya juu ikaondoka, fedha ikabaki kama sponji nyembamba, na pigo la nyundo likaisawazisha ikang'aa. Sarafu ilitoka nyeupe, mpya, nzuri. Hata wanasayansi wa karne ya 20 walidanganyika: vipimo vilivyosoma uso wa sarafu vilitoa fedha nyingi kuliko iliyomo, na ilibidi waje wengine watoboe ukingo kwa keekee nyembamba na kupima vumbi la ndani. Yangu sijaitoboa, na sitaitoboa. Lakini kwenye ule ufa wa ukingo, chini ya lenzi, rangi ya ndani ina wekundu ambao shavu la Severus halina.

Watu hawakuwa wajinga. Anayepokea fedha ya aina mbili huificha nzuri na kulipia mbaya. Wala fedha haikuishia kwa askari. Dio anasema gavana wa Britania, Virius Lupus, alilazimika kununua amani kwa kiasi kikubwa kutoka kwa makabila ya kaskazini. Huko Birnie, Uskoti, mbali kabisa na mpaka wa Roma, wachimbaji wa akiolojia walikuta vyungu viwili mwaka 2000 na 2001, kila kimoja na dinari zaidi ya 300, za mwisho zikiwa za miaka ya mwanzo ya Severus. Huenda chifu aliyelipwa ili atulie ndiye aliyezifukia ardhini. Sidhani kama alikuwa na mahali pa kuzitumia.

Mwaka 208 Severus alikuja Britania mwenyewe, mgonjwa wa miguu, akibebwa kwenye machela sehemu kubwa ya safari, kupigana na makabila hayohayo. Zipo dinari zake za mwisho zilizoandikwa VICTORIAE BRIT. Ushindi wenyewe haukudumu, kwa sababu watoto wake waliacha kila kitu na kurudi Roma mara tu alipokufa York, tarehe 4 Februari 211. Maneno yake kwa vijana hao wawili, kwa mujibu wa Dio, yalikuwa haya: "Pataneni, watajirisheni askari, wengine wote wadharauni." Nimesoma wanaoyaita hekima ya mzee. Kwangu ni maelezo ya matumizi ya sarafu hii, na hawapo ndani yake watu wa Carthage, Leptis, wala dada asiyejua Kilatini.

Walitii agizo la kati peke yake. Desemba ya mwaka huohuo Caracalla alipanga ndugu yake Geta auawe, na Geta, kijana wa miaka 22, alifia mikononi mwa mama yao. Muuaji alikimbilia moja kwa moja kambini, akawaahidi walinzi dinari 2,500 kila mmoja, wakanyamaza. Kisha jina la Geta lilifutwa kila mahali. Kwenye tao la Severus pale Roma, mpaka leo, unaona mstari ambao maneno yake yamechimbwa na kuandikwa mengine juu yake, na kwenye ule ubao wa Berlin uso wake umekwanguliwa. Mwaka 215 Caracalla akaleta sarafu mpya iliyohesabiwa kuwa dinari mbili huku ikiwa na fedha ya dinari moja na nusu. Kufikia miaka ya 260 ile sarafu ya dinari mbili ilikuwa shaba iliyopakwa weupe.

Dio anasema hasira ya Caracalla ilifika hata kwenye sarafu: aliziyeyusha zilizokuwa na sura ya mdogo wake. Hapo alishindwa vibaya. Baba yao alikuwa ameshazitawanya mno, kutoka Syria mpaka Uskoti, na hakuna askari aliyepanga foleni kurudisha mshahara wake. Dinari za Geta akiwa mtoto wa mashavu laini zimejaa kwenye trei za wauzaji, bei karibu sawa na za baba yake. Zile za 209 mpaka 211, ambazo tayari ana ndevu za mzee, hazipatikani kirahisi hivyo. Muuza sarafu wangu anayo moja, makaratasi yake ndiyo tunayoyabishania.